Jiko Nukta La

Jumatatu, 3 Machi

Dada amenikabidhi hela ya kulipia jina. Jina lenyewe: jikoladada nukta com. Muda wake unaisha Ijumaa. Ameniambia mara tatu. Mara ya tatu alinishika mkono kabisa, kama anayevusha mtoto barabara.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa: Dada ni dada yangu wa kwanza, aliyenilea baada ya mama kufariki. Ana jiko la kupikia watu wa maofisini. Wali, maharage, kuku, mboga. Watu wanafungua tovuti, wanaagiza, saa saba sahani zinafika. Tovuti ile niliitengeneza mimi, miaka tisa iliyopita. Katika mipango yangu yote ndio pekee uliowahi kufanya kazi. Labda ndiyo maana umenichosha.

Na wiki hii si ya mchezo. Chuo cha wauguzi kinatafuta mtu wa kuwapikia wanafunzi chakula cha mchana. Sahani mia mbili kila siku, mwaka mzima! Karani wa chuo amesema Dada akikubali tu, kazi ni yake. Dada ameshawaambia wanawake wawili wa jirani wakae tayari. Ameshapima ukutani pa kuweka jiko la pili.

Nilikuwa njiani kwenda kulipa. Kweli kabisa. Ndipo tangazo likaingia kwenye simu: mikia mipya ya majina! Mkia ni kile kipande cha mwisho, baada ya nukta. Com ni mkia. Mimi nilidhani mikia ni mitatu minne hivi. Kumbe sasa iko mamia. Na mmoja ni herufi mbili tu.

La.

Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Jiko nukta la. Halafu mkwaju, yaani ule mstari wa mshazari. Halafu dada. Jiko.la/dada. Jiko la Dada! Waliotengeneza mkia huu hawakujua wanasema Kiswahili. Mimi peke yangu nimewasikia.

Na atakayemiliki jiko.la atamiliki jiko la mama, jiko la shangazi, jiko la kila anayepika. Wote watapanga foleni kwangu kuomba mkwaju wao.

Sikulipia com. Com ni mzee. Aachwe apumzike.

Jumanne, 4 Machi

Nimelinunua! Jiko.la ni langu. Hela ya Dada ilitosha. Kwa hela ya viatu vya mke wangu nikaongeza mengine kumi na moja: duka.la, soko.la, gari.la, shamba.la, nyumba.la, hoteli.la, simu.la, mkate.la, nguo.la, dawa.la na kiatu.la. Hilo la mwisho ni kwa ajili yake. Kimsingi ameshapata kiatu.

Nikamweleza Fundi Simu, ambaye kibanda chake kimepakana na jiko la Dada. Makosa. Fundi Simu ni mtu wa kuchomelea vitu vya zamani mpaka vifanye kazi tena, kwa hiyo vipya vyote ni adui zake. Alisema bila kuinua macho kwamba com si mkia, ni mazoea. Mtu akisahau jina la duka, vidole vyake vinaandika com vyenyewe. Akasema mikia mipya mingine itapata thamani, mingine itaozea kwenye mikono ya walioinunua, na hakuna ajuaye ni ipi.

Nikamwambia mimi najua. Baada ya miaka kumi com itakuwa kama simu ya waya: ipo, lakini kwa bibi.

Akaniambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu kipya kinyemi. Akamalizia: ingawa kidonda. Sipendi watu wanaomalizia methali za wenzao.

Jumatano, 5 Machi

Stika zimetoka. Za duara, nyekundu, zinabandikwa kwenye mifuniko ya chakula. JIKO.LA/DADA. Nimebandika thelathini Dada akiwa sokoni. Wateja waliokuja wenyewe dirishani nikawafundisha kwa mdomo: jiko, nukta, la, mkwaju, dada. Fundi Simu alidai kila mtu anasema slashi. Nikamwambia mke wangu ni mwalimu wa Kiswahili, na nyumbani kwetu tunasema mkwaju.

Saa saba mtu wa kwanza akaomba juisi ya ukwaju.

Nikafikiri ni bahati mbaya. Akaja wa pili. Kufika saa nane, watu kumi na tisa walikuwa wameulizia juisi ya ukwaju, na mmoja alikasirika, akisema kama haipo isitangazwe. Dada akaniuliza ni nani anayepita akiwaambia watu anauza ukwaju. Nikamwambia soko lina mambo yake.

Halafu Fundi Simu, mtu wa fitina, akaomba wateja kumi waliokuwa kwenye mstari waandike anwani mpya kwenye simu zao. Wanane walimalizia na com. Mmoja wao aliandika jikola nukta com, akaniuliza mbona haifunguki. Fundi Simu akanitazama kwa huruma.

Lakini wawili walipatia. Jana walikuwa sifuri. Hesabu hiyo ikiendelea, kufikia Jumatatu ni mji mzima.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilianza kuuza. Mteja wa kwanza: Mwenye Duka aliye mkabala na jiko, mtu mwenye mizani mbili na tabasamu moja. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: DUKA.LA. Akasoma. Akageuza karatasi kutazama nyuma. Akauliza: la nani?

Nikamwambia la yeyote, hiyo ndiyo raha yake. Akasema duka lake si la yeyote. Nikasema ataongeza jina lake mbele. Akasema basi limalizwe kwanza ndipo aletewe, yeye hanunui sentensi nusu. Akanirudishia karatasi akiwa ameikunja mara nne.

Nyumbani nikamwonyesha mke wangu orodha yote, nipate faraja. Alikuwa anasahihisha madaftari. Akaichukua bila kuniangalia, na kwa kalamu ile ile nyekundu akaanza. Jiko la, vema. Duka la, soko la, gari la, shamba la, vema. Kisha mkono ukaanza kukata. Nyumba ya. Hoteli ya. Simu ya. Mkate wa. Nguo ya. Dawa ya. Kiatu cha.

Tano kwa kumi na mbili. Chini akaandika: Ngeli! Jitahidi.

Nikajitetea kwamba huko mtaani watu wanasema hata simu la. Akasema huko mtaani wanasema mengi, na akataka kujua hela ya haya yote imetoka wapi. Nikatoka nje kuangalia kama mlango wa nje umefungwa vizuri. Ulikuwa umefungwa. Nikauangalia kwa muda mrefu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mwisho ya com. Dada aliniuliza kama nimelipia jina. Nikamjibu jina limeshughulikiwa. Sikusema lipi.

Nikaona ni busara kumpigia Karani wa chuo, ajue anwani mpya mapema. Mwanamke mstaarabu, sauti ya kuandika ripoti. Kabla sijasema kitu alifurahi, akasema alikuwa anasubiri kusikia kutoka Jiko la Dada, mkuu wa chuo anataka jibu leo. Nikamwambia ndilo ninalompa. Aandike.

Mkwaju nikauacha. Yaliyonikuta Jumatano yamenitosha. Nikamtamkia polepole, kama wanavyotamkiwa makarani: Jiko. Nukta. La.

Akauliza: la? Nikasema: la. Akauliza kama tuna uhakika. Nikamhakikishia tumelifikiria sana kama familia. Akasema amesikitika kidogo, mkuu alipenda sana kuku wa Dada. Nikamwambia ni kawaida, watu wote husikitika mwanzoni, wanazoea. Akatutakia heri. Nami nikamtakia.

Mazungumzo mazuri kabisa. Mtu wa ofisi ukimweleza jambo kwa ufupi, anaelewa.

Jumamosi, 8 Machi

Com imekufa. Nimefungua jikoladada nukta com: ukurasa mweupe, maneno mawili matatu ya kigeni. Nilikuwa na nywele zaidi nilipolisajili jina lile. Dada alikuwa na sufuria mbili tu, na siku oda ya kwanza ilipoingia alinipikia kuku mzima peke yangu.

Hisia zisizuie maendeleo.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa kawaida Jumatatu huingia oda sitini. Leo zimeingia tatu. Mbili kwa kupiga simu, moja ililetwa kwa miguu.

Dada alikuwa ameshapika za sitini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani, akiigusa kila ikizimika. Sufuria zimejaa nyuma yake. Akauliza kama mtandao una tatizo. Nikamwambia Jumatatu ya pili ya mwezi watu hawana njaa. Nikala sahani tatu kumuunga mkono.

Lazima nikiri hapa kwamba ukurasa wa jiko.la bado haujakamilika. Una picha ya nyundo na neno Tunajenga. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuuza.

Chakula kilichobaki Dada aligawa kwa majirani. Wale wanawake wawili wanaosubiri kazi walipata kila mmoja bakuli. Walimshukuru, wakamuuliza chuo kinaanza lini. Akasema barua inakuja, siku yoyote.

Jumanne, 11 Machi

Barua haikuja. Dada alichoka kungoja, akampigia Karani mwenyewe. Nilikuwa namenya vitunguu mezani. Nikasikia Dada akisema hapana, sijajibu. Kisha akaomba asomewe kilichoandikwa.

Karani akamsomea kutoka kwenye faili. Tarehe saba Machi. Jiko la Dada, jibu lao kwa simu: La. Wameulizwa mara mbili. Wamelifikiria kama familia.

Mkuu wa chuo ameshaita mpishi mwingine.

Dada akaweka simu chini taratibu. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliuliza jambo moja tu: jina nililipia au sikulipia. Nikaanza kueleza thamani ya mikia ya sasa na ya baadaye. Akasema kwa sauti ya chini, wewe, nimekuuliza. Nikasema sikulipia.

Akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana. Halafu akanipakulia chakula, akakifunika, akakiweka mahali pangu pa kila siku, akaingia ndani.

Sikuweza kula. Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Kule dirishani stika zangu nyekundu bado zinasema la, la, la, kila mfuniko.

Jumatano, 12 Machi

Fundi Simu alifunga kibanda asubuhi, jambo ambalo sijaliona tangu nimfahamu. Akakaa na Dada. Kumbe jina likiisha muda halitupwi siku hiyo hiyo. Mwenyewe hupewa siku kadhaa za kulirudia. Wakalipia kwa simu ya Dada, kwa jina la Dada, na neno la siri analijua Dada pekee. Mimi niliambiwa nigeuke ukutani wakati anaandika. Nikageuka.

Saa nne tovuti ikarudi. Kuku yule yule wa miaka tisa pale juu, picha niliyoipiga mimi. Saa nne na nusu ikaingia oda. Kisha nyingine. Hakuna mteja aliyeuliza tulikuwa wapi. Vidole vyao vilikuja vyenyewe.

Halafu Dada akavaa kanga safi, akabeba chombo cha wali na kuku, akaenda chuoni. Mke wangu alikuwa na saa mbili hana kipindi, akamsindikiza. Nikawafuata kwa nyuma, hatua ishirini hivi. Sikukatazwa.

Nilisimama mlangoni mwa ofisi. Mke wangu alimweleza mkuu wa chuo, kwa utulivu wake wa darasani, kwamba kuna la ya kukataa na kuna la ya jiko la fulani, na kwamba mume wake ameziuza zote mbili kwa bei moja. Karani akashika mdomo. Mkuu akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akasema kwa masikitiko kwamba mpishi mwingine ameshapewa neno, na neno ni neno.

Wamegawana. Dada amepata sahani mia badala ya mia mbili. Mwezi mmoja wa majaribio badala ya mwaka. Kuanzia Jumatatu ijayo.

Wale wanawake wawili, atamchukua mmoja. Alikwenda kumwambia yule mwingine mwenyewe, mlango kwa mlango. Nilijitolea kwenda badala yake. Akasema nimeshapeleka ujumbe wa kutosha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebandua stika zote kwa maji ya moto na kisu. Kazi ya siku nzima. Kucha zimekuwa nyekundu.

Fundi Simu hakunicheka. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikwenda kibandani mwenyewe, nikitaka kumtega, nikamwuliza basi com itadumu milele? Akasema hajui. Huenda watoto wetu wataona com ni kichekesho. Lakini jina, akasema, si la anayelimiliki, ni la wanaolitafuta. Unahama wao wakishahama.

Maneno mazuri. Nimeyaandika hapa ili baadaye niyatumie kama yangu.

Mke wangu ameuliza habari ya viatu. Nimemwonyesha kiatu.la kwenye simu. Analala chumba cha wageni.

Jumapili, 16 Machi

Mambo yametulia. Nimekuwa mtu mwingine.

Dada ameanza kunisemesha. Leo mchana aliniita jikoni, akanipa hela ya mtungi wa pili wa gesi. Kesho ndiyo siku ya kwanza ya chuo, sahani mia, na mtungi mmoja hautoshi. Safari hii aliniambia mara moja tu. Alisema mimi ni ndugu yake, hana mwingine, na mtu akianguka hunyanyuliwa. Machozi yakanilengalenga. Nikamwahidi.

Nikapitia nyumbani kwanza. Mke wangu, kwa kutaka kunisaidia, alikuwa ameniachia mezani kitabu chake cha sarufi, amekunja ukurasa wa ngeli. Nikasema nisome kidogo, nijirekebishe. Nani asemaye sijifunzi?

Nikafika sura ya ukubwa. Mungu wangu.

Kumbe kitu chochote ukikikuza kinahamia kwenye la! Nyumba ni ya, lakini jumba ni la. Nguo ni ya, guo ni la. Kikapu ni cha, kapu ni la. Kijiji ni cha, jiji ni la! Kosa langu halikuwa mkia. Mkia ulikuwa sawa tangu mwanzo. Kosa langu nilinunua vitu vidogo!

Nikatoka mbio. Nimeshapata jumba.la. Nimeshapata guo.la, kapu.la na jiji.la. Mtungi ni wa, lakini tungi ni la, nikalichukua pia, ni kama nimetekeleza alichonituma. Kitabu kilinisumbua kidogo. Hakimo kwenye mifano ya mke wangu. Lakini kama kikapu ni kapu, basi kitabu ni tabu. Tabu.la! Lilikuwa wazi, hakuna mtu duniani aliyeligusa. Hela iliyobaki ilitosha sawasawa.

Duka la gesi hufunguliwa saa tatu asubuhi. Wanafunzi wanakula saa saba. Kabla ya saa tatu nitakuwa nimemuuzia Mwenye Duka jiji lote. Muda upo wa kutosha.

Sasa hivi Dada ametuma ujumbe. Anauliza kwa upole tu, kama hela ya mtungi nimeitumia kwa kitu kingine.

Nimemjibu: La.

Sijamdanganya hata herufi moja.